Kidole cha Mama Mkwe

Sehemu ya Tisa

Tuliachana mpira ukiwa umempiga Pius, mpigaji wa Ngara, mguuni, mbele kabisa ya vile vijiti vitatu, na uwanja mzima wa Rusumo umesimama. Waliosoma wiki iliyopita wanajua. Ambao hamkusoma, kaeni hapo nyuma, msisukumane, nitawaeleza huku tunakimbia.

Pius alikuwa nje. Hakuna ubishi. Hata madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya mpakani, watu walioijua kriketi asubuhi ya leo, waliona kwamba bila ule mguu vijiti vingelala chini. Walikuwa wamepanda juu ya magari yao na wanapiga honi.

Ila kriketi ina jambo moja la ajabu. Mwamuzi hamtoi mtu mpaka aulizwe. Anaweza kuona kwa macho yake yote mawili akakaa kimya, anakusubiri. Lazima ugeuke, umtazame usoni, umuulize: "Mwamuzi, vipi hapo?"

Zamani timu nzima iliuliza. Kwenye nusu fainali wachezaji kumi na mmoja wa Biharamulo waliuliza kila mpira, hata uliopita mbali na kila mtu, mpaka vipaza sauti vya televisheni ya Ziwa Spoti vikazimika. Wakubwa wa televisheni wakakaa na wakubwa wa mashindano. Ikaamuliwa kwamba fainali atauliza mrusha mpira peke yake, wengine wafunge midomo. Televisheni ndiyo iliyoleta jezi na kombe, ikisema nyamazeni, mnanyamaza.

Na mrusha mpira wa Biharamulo, Mayunga wa Nemba, alikuwa amempa mwamuzi mgongo. Anatazama nyasi. Hasemi kitu.

Kwa nini? Kwa sababu mwamuzi yule mwenye koti jeupe, Mwalimu Jovina, mkuu wa shule mstaafu, ni mama mzazi wa Petronila. Na Jumamosi iliyopita, kule Nemba, ukoo wa Mayunga uliketi ukakubaliana ng'ombe wa kumwolea Petronila. Kwa hesabu ya kwao, tangu siku ile Mwalimu Jovina ni mkwe.

Mkwe hatazamwi usoni. Humsemeshi, humpi kitu mkononi, na mkikutana njiani unaingia shambani mpaka apite. Mayunga alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha hayo kabla ya kumfundisha kuchunga ng'ombe.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mwalimu Jovina hakujua kwamba yeye ni mkwe wa mtu.

"Petro!" Sauti ya Wema ilipasuka sikioni mwa Petronila. "Watazamaji wanaangalia watu waliosimama! Sema kitu!"

Petronila alikuwa juu ya jukwaa la watangazaji, spika za sikioni kichwani. Wema ni dada yake mkubwa. Ndiye mwongozaji wa matangazo, amekaa ndani ya gari la televisheni nyuma ya uwanja na skrini saba mbele yake. Ndiye aliyewashawishi mabosi wake wa Dar es Salaam kwamba kriketi ya Ngara na Biharamulo itatazamwa na watu. Ndiye aliyempa mdogo wake kipaza sauti kwa mara ya kwanza. Na hata yeye hakuambiwa habari za Mayunga.

Hakuambiwa kwa sababu ya mama. Miaka kumi iliyopita Wema mwenyewe alikuwa na mchumba, kijana mzuri wa Biharamulo mjini. Habari zikamfikia mama sokoni, siku mbili kabla ya barua ya posa kufika nyumbani. Barua ilipofika, mama aliirudisha mlangoni bila kuifungua. "Mkwe wangu nitamjua kwa barua, si kwa umbea," alisema. Yule kijana hakurudi tena. Wema akapanda basi kwenda Dar, na tangu hapo hakuleta mwingine.

Basi Petronila alikuwa na kazi moja tu maishani wiki hii, kufunga mdomo mpaka Jumapili, siku wazee wa Nemba watakapokuja nyumbani. Na ndiyo wiki waliyompa kazi ya kuongea.

"Watazamaji," alisema, "inaonekana Mayunga amekauka sauti. Vumbi la Rusumo hili, malori mengi. Mwamuzi hajaulizwa, kwa hiyo Pius bado yupo."

"Sidhani kama ni vumbi," alidakia Bernardo.

Bernardo ndiye mchambuzi, mchezaji wa zamani aliyeletwa kutoka Dar na suti yake. Alikuwa na kalamu ya kuchorea juu ya skrini, na kalamu hiyo haikuwa imepumzika tangu asubuhi.

"Nimemfuatilia huyu kijana mechi nzima. Tazameni anavyokimbia." Akachora mstari mwekundu. "Wengine wote wanapita karibu na mwamuzi. Yeye anamzunguka, hatua tano pembeni! Mpira unatoka kule ambako mpigaji hautegemei. Wiketi nne amezipata hivyo, wapigaji wanne nje! Hii ni mbinu ya kisasa kabisa, na ukimya huu nao ni mbinu. Ni vita ya akili."

Petronila aliutazama ule mstari mwekundu akatamani kulia. Ile haikuwa mbinu. Ile ilikuwa adabu.

Uwanjani, nahodha wa Biharamulo alikuwa amemfikia Mayunga. Kazimili, fundi pikipiki, mtu mfupi mwenye hasira ndefu.

"Umerara, bhabha? Mguu wote ule! Kwa nini hujauliza?"

"Sauti imekata."

"Mbona unaongea?"

"Imerudi sasa hivi."

Kazimili alimkazia macho. "Pius amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, nahodha."

"Pius ni wakala wa forodha. Anapitisha malori mpakani kwa mdomo tu. Wewe atakushindwa?" Alimgusa kifuani kwa kidole. "Sikia. Ngara wanataka mbio sita, imebaki mipira mitatu, na mpigaji wao wa mwisho ndiye huyo. Ukinyamaza tena, lori la timu hupandi. Utaifuata Nemba kwa miguu, na njiani utakuwa unawaeleza watu kwa nini."

Mayunga angesema nini? Akimwambia Kazimili, ndani ya nusu saa Biharamulo nzima itajua, na kabla ya jioni Mwalimu Jovina atakuwa amesikia kwa watu. Akinyamaza, ni msaliti. Akachagua kuwa msaliti kwa mpira mmoja zaidi.

Mwalimu Jovina naye alikuwa na yake. Asubuhi Wema alimbandika kipaza sauti kidogo kwenye kola ya koti ili watazamaji wasikie maamuzi. Mama alishakisahau.

"Mtoto huyu ana dharau," alinung'unika, na nchi nzima ikamsikia. "Wote leo wameniamkia, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu. Yeye kaniona, kaingia kwenye mahindi. Namwambia anipe kofia yake nimshikie kama wenzake, anaiweka chini, anarudi kinyumenyume. Mimi nina ukoma?"

Petronila alifumba macho.

"Kamera mbili," Wema alisema sikioni, akiongea na watu wake, "mng'ang'anie huyo mrefu. Msimwachie. Huyu anauza kipindi."

Mpira wa nne. Mayunga alikimbia, akamzunguka mwamuzi hatua tano zake zilezile, lakini akili ilikuwa imebaki kwa Kazimili. Mpira ukaenda mwepesi, umenyooka. Pius aliupiga ukapita kati ya watu wawili, ukavuka kamba, ukaingia chini ya lori la saruji.

Mbio nne, alama nne kwa pigo moja. Honi zikalia mpaka ng'ambo ya daraja.

Sasa Ngara wanataka mbili tu, na mipira ni miwili. Pius akabusu gongo lake. Ni mtu wa madaha, huyu Pius, hata kwenye dirisha la forodha anasimama kama anapigwa picha.

Ndipo ule ujumbe ulipopita.

Ziwa Spoti wana utaratibu wao. Watazamaji wanatuma meseji, zinapita chini ya skrini kwenye utepe wa njano. Na kwa kuwa leo ni fainali, walikuwa wameleta skrini kubwa juu ya lori, ili na watu wa uwanjani waone. Skrini ilikuwa nyuma ya mgongo wa Mwalimu Jovina. Kila mtu aliiona isipokuwa yeye.

KUTOKA NYAMAHANGA: MIMI NI BIBI WA MIAKA SABINI NA MBILI NIPO KIBANDA UMIZA NAANGALIA MECHI. HUYO KIJANA HAJAUZA MECHI. ANAMKWEPA MAMA MKWE WAKE. NYIE HAMNA MACHO?

Kicheko kilianzia upande wa Biharamulo. Wasukuma, watu wa kwao Mayunga, walitazama skrini, wakamtazama Mayunga, wakatazama ile kofia iliyowekwa chini, wakaanza kupigana makofi ya mabegani. Mbona hawakuliona tangu asubuhi?

"Isome hiyo, Petro," Wema alisema. "Tamu sana."

Petronila alivuta kipaza sauti. "Kuna bibi yetu wa Nyamahanga anaisalimu timu yake. Asante sana, bibi, endelea kuwa nasi."

"Mbona hukuisoma yote?" Bernardo alivaa miwani. "Inasema, 'Anamkwepa mama mkwe wake.' Mama mkwe gani?"

Sauti ya Wema ikarudi sikioni mwa Petronila, safari hii ya chini.

"Mwamuzi ni mama yangu. Mama ana watoto wa kike wawili. Mmoja ni mimi, na mimi simjui huyo mtu."

"Dada..."

"Petro?"

"Dada, mpira unarushwa."

Kweli ulikuwa unarushwa. Mpira wa tano. Mayunga alizunguka, akaurusha kwa nguvu zake zote na hasira zake zote. Pius alinyoosha gongo. Mpira ukapita palepale gongo linapoishia, ukatoa mlio mdogo, tk, ukaishia mikononi mwa mlinda vijiti.

Ulikuwa umegusa gongo? Kama umegusa, Pius yuko nje, mchezo umekwisha, kombe linakwenda Biharamulo. Kama haukugusa, Pius ana mpira mmoja bado. Mtu aliyekuwa na haki ya kusema ni mmoja tu, na alikuwa bado hajaulizwa.

Watu elfu mbili wakamtazama Mayunga.

Wenzake kumi walikuwa wameziba midomo kwa mikono, maana kanuni ya televisheni ni kanuni. Kazimili alikuwa ameishika suruali yake mwenyewe kwa ngumi mbili. Mayunga alisimama katikati ya njia ya mpira, mgongo kwa mwamuzi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni.

Kisha akapiga magoti. Kwanza watu walidhani ameanguka. Alipiga magoti palepale, uso kwa Pius, mgongo kwa mwamuzi, akainamisha kichwa, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kazimili."

"Nini?"

"Mwambie mama pale nyuma, mimi mtoto wake nauliza, vipi hapo?"

Kazimili alibaki mdomo wazi. Lakini Kazimili naye ana wakwe zake kule Nyamahanga. Uso wake ukabadilika kabisa. Akavua kofia. Akatembea polepole mpaka hatua nne mbele ya Mwalimu Jovina, akainama.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimetumwa na huyu kijana. Anauliza, vipi hapo?"

Mwalimu Jovina alikuwa ameshafungua mdomo kuwafokea wote wawili. Hakufoka. Alimtazama yule kijana aliyepiga magoti na mgongo wake mrefu. Akaitazama kofia iliyowekwa chini kwa uangalifu, imefunikwa vizuri isiingie vumbi. Akakumbuka yale mahindi ya asubuhi. Msomaji wangu, Mhangaza wa Ngara, kama mwalimu wetu, naye ana wakwe. Kuna mtu wa aina moja tu duniani anayekusemesha kwa mdomo wa mwingine huku amekupa mgongo, na mtu huyo hana dharau hata chembe.

Alikwenda hatua mbili, akasimama. Akainua macho juu ya jukwaa la watangazaji.

"Petronila," alisema. Kile kipaza sauti cha kwenye kola kilikuwa wazi, sauti ikatoka kwenye spika zote. "Mwana wanje, mwanangu. Huyu ni nani?"

Kabla Petronila hajajibu, Pius alishatupa gongo.

"Nyie! Nyie! Mwamuzi ni mkwe wake!" Alikuwa anarukaruka na pedi zake za kukinga miguu. "Ndugu hachezeshi mechi ya ndugu! Mechi ifutwe! Ianze upya Jumamosi ijayo!"

"Wewe Pius, tulia," alisema Mwalimu Jovina. "Nilikufundisha darasa la nne, kelele zako nazijua. Mimi si mkwe wa mtu. Nyumbani kwangu haijafika barua." Akageukia ule mgongo. "Kijana. Kama hunihusu, geuka. Niangalie usoni, uniulize mwenyewe, nikujibu, twende nyumbani."

"Geuka!" Biharamulo walisahau kanuni zote. "Mayunga, geuka! Kombe hilo!"

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo sana. Kugeuza shingo tu. Angeinua macho mara moja, angeuliza maneno mawili, na angerudi Nemba juu ya lori akiwa amebebwa mabegani. Alichotakiwa kulipa ni kusema, mbele ya nchi nzima, kwamba yule mama si kitu kwake.

Petronila alimtazama kwenye skrini ndogo iliyokuwa mbele yake. Kamera mbili ilikuwa imeukamata uso wake wote. Macho ya Mayunga yalikuwa yamejaa maji, na yalikuwa yanatazama nyasi.

Hakugeuka.

"Eleza, Petronila," Bernardo alimnong'oneza. "Hii mbinu siijui."

Na hapo, msomaji, binti yetu akachoka kudanganya.

"Watazamaji," alisema, sauti inampasuka, "Mayunga hajageuka. Na hatageuka. Siyo vumbi, siyo mbinu, na hajanunuliwa. Yule ni mama yangu, na Mayunga ni mchumba wangu. Anamheshimu. Tangu asubuhi anamheshimu, na mimi nimekaa hapa nikiwaambia ni vumbi. Nampenda. Basi, nimesema."

Uwanja ulilipuka. Kina mama wa Ngara walipiga vigelegele, madereva wakapiga honi, mtu mmoja akamwaga karanga za watu. Mayunga, pale magotini, alifunika uso kwa mikono yake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mwalimu Jovina alisubiri mpaka kelele zikatulia, kama alivyosubiri darasa litulie kwa miaka thelathini na tano.

"Kwa hiyo nimesikia kwenye televisheni," alisema.

Petronila akagundua alichokifanya.

"Yule wa kwanza nilimsikia sokoni, nikaona ni aibu. Sokoni kulikuwa na watu mia. Hapa mmenitangazia Tanzania nzima, na Burundi, na Rwanda hapo wanasikia. Wote wamejua kabla yangu. Hata bibi wa Nyamahanga." Nyuma yake skrini kubwa ilikuwa inaonyesha uso wake, na sasa aligeuka akauona, na chini yake ule utepe wa njano umejaa pongezi. Alizisoma mbili tatu. Akabana midomo. "Nilisema mwaka ule, na leo sibadili kwa sababu ya kamera. Huyu si mkwe wangu. Ni mrusha mpira tu, ameuliza swali, na mwamuzi anamjibu."

Akaanza kuinua mkono.

Tuelewane hapo. Kidole kile kikifika juu, Pius yuko nje na kombe ni la Biharamulo. Na kidole hichohicho kikifika juu, Mwalimu Jovina amemkana Mayunga mbele ya watu wote, na yeye si mama wa kukana kitu leo halafu akakikubali kesho. Wachezaji wa Biharamulo walianza kushangilia. Kazimili hakushangilia. Petronila alikuwa ameshavua spika za sikio moja, anatafuta ngazi ya kushukia, haoni ngazi iko wapi.

"Mama, subiri!" alipiga kelele. "Jumapili tu! Walikuwa wanakuja Jumapili!"

Mkono ulifika kifuani. Ukafika begani.

"Mwalimu! Usiinue!"

Nani? Pius.

Pius alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, anafungua pedi ya mguu wa kushoto kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Kamba moja, kamba ya pili. Akaingiza mkono ndani, akatoa bahasha ya kaki, imelowa jasho, imejikunja kwa umbo la ugoko wake.

"Barua ipo!" Aliinyanyua juu. "Hii hapa! Imefika Ngara tangu Alhamisi! Muhuri wa kanisa la kwao huu hapa, tarehe hii hapa! Kwa hiyo wewe ni mkwe wake tangu Alhamisi, na mechi hii haihesabiki!"

Watu wote wakageukia ile bahasha.

"Pius," alisema Mwalimu Jovina polepole. "Barua yangu inafanya nini kwenye mguu wako?"

Mawakala wa Rusumo wote wako hivyo, wala msimshangae. Ukimpa karatasi yako haikai mezani, wala mkobani, wala kwa mkewe. Inakaa mwilini mwake mpaka ifike, maana karatasi ikipotea mpakani, lori linalala. Wazee wa Nemba walikuwa wamepita Rusumo siku ya Alhamisi, wakauliza ni nani hodari wa kufikisha makaratasi, kila mtu akawaonyesha Pius. Walitaka barua itangulie, wao wafuate Jumapili. Wakampa na jogoo wa asante.

"Nilitaka kuileta, mwalimu. Haki ya Mungu." Pius alikuwa anatazama kila mahali isipokuwa kwa mwalimu. "Nikafikiri, nikiileta kabla ya fainali watakutoa kwenye uamuzi, watuletee mwamuzi wa Bukoba asiyetujua. Nikasema nitaileta jioni, mechi ikiisha."

"Na jogoo?"

"Jogoo tulimla."

Sasa ona dunia ilivyo. Mtu aliyeificha barua ili Ngara washinde, ndiye aliyeitoa ili Ngara wasishindwe, na kwa kufanya hivyo alikuwa amemrudishia Mayunga mke aliyekuwa anamponyoka. Barua ya Alhamisi imetangulia umbea wa leo. Hata Mwalimu Jovina hakuweza kulikataa hilo. Mkono uliokuwa begani ulishuka taratibu, kidole kikakunjika, na alipokipokea kile kikaratasi cha jasho kilichokunjika uso wake ulikuwa umelainika kidogo. Petronila alikaa chini juu ya mbao za jukwaa akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Bernardo akampa leso ya suti yake.

Mayunga bado alikuwa magotini, lakini mabega yake sasa yalikuwa yanatikisika. Kazimili alimwekea mkono kichwani.

Mwalimu Jovina alichana bahasha. Na kama kila mwalimu wa shule ya msingi niliyewahi kumjua, hawezi kusoma kitu bila kutoa sauti.

"'Kwa Mzee Gaspari na Mwalimu Jovina. Salamu nyingi katika Bwana. Sisi wazee wa ukoo wa Nemba tunawajulisha kwa heshima kwamba kijana wetu Mayunga ameona ua katika bustani yenu...'"

"Aaa!" wakaitikia kina mama.

"'...na hana usingizi. Tumeuliza watu wa Ngara kuhusu binti wa mwalimu anayefanya kazi ya televisheni, wote wakamsifu na kututajia jina lake bila kusita. Kwa hiyo tunaomba mtukubalie tumchukue...'"

Akanyamaza.

Akaisogeza barua karibu na macho. Akaisogeza mbali. Akasoma tena, safari hii bila sauti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya.

"Maliza, mwalimu!" watu wakapiga kelele.

"'...tumchukue binti yenu mkubwa,'" alisoma Mwalimu Jovina, "'Wema Gaspari.'"

Kwa sababu kabla ya Alhamisi, msomaji, wazee walipouliza, Ngara nzima ilikuwa inamjua binti mmoja tu wa televisheni. Petronila alishika kipaza sauti Ijumaa.

Mayunga aliruka kutoka magotini. Alisahau mkwe, alisahau bibi yake, akageuka mzima mzima na kumtazama Mwalimu Jovina usoni.

"Hapana! Mama, hapana! Siyo huyo!"

Ndani ya gari la televisheni, Wema alibonyeza kitufe ambacho hakukusudia kukibonyeza. Skrini kubwa ikakatika, ikarudi, na sasa ilikuwa inaonyesha ndani ya gari lenyewe: mwanamke wa miaka thelathini na sita, nywele zimefungwa nyuma, mkono mdomoni. Alikuwa hatazami kamera. Alikuwa anatazama skrini namba mbili, ile aliyoiagiza tangu asubuhi ing'ang'anie yule mrefu.

Petronila alivaa spika zake haraka.

"Dada? Dada, wamekosea jina tu. Mwambie mama kutoka huko ndani ya gari, sema wamekosea."

Kwenye skrini kubwa, Wema alinyoosha kidole akaugusa uso wa yule mrefu kwenye skrini namba mbili.

"Petro, mdogo wangu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana. "Mwambie mama asiirudishe hiyo barua."